Kodi ya nyumba kwanza, kitanda baadaye

Barua zilizofika mara hii karibu zote zinahusu jambo moja: wanawake wa Uingereza na Marekani wa karne ya 19 waliopendana, wakaandikiana, na wengine wakakaa nyumba moja mpaka wakazikwa kaburi moja. Swali lililorudiwa kuliko yote nimelitanguliza ili tumalizane nalo.

Je, walikuwa wasagaji au marafiki tu? Naomba ndiyo au hapana. (Wasomaji kadhaa)

Wanawake gani? Karne ina miaka mia, na hizo ni nchi mbili zenye mamilioni ya wanawake. Ukiniuliza kuhusu Anne Lister wa Shibden Hall, Halifax, jibu ni ndiyo, na ameliandika kwa mkono wake katika shajara zake. Ukiniuliza kuhusu Eleanor Butler na Sarah Ponsonby, waliotoroka kwao Ireland mwaka 1778 wakahamia Llangollen, Wales, na kukaa huko kwa nusu karne, shajara ya Butler inamtaja mwenzake kama kipenzi chake, kisha inanyamaza. Gazeti lilipowaandika vibaya mwaka 1790 walitaka kushtaki, na mwanasiasa Edmund Burke akawashauri waachane nalo. Zaidi ya hapo ni wewe na dhana zako.

Linaloharibu swali ni hilo "tu". Wakati ule rafiki aliweza kuwa mtu wa kwanza katika maisha ya mwanamke, akajulikana hivyo na wazazi, kasisi na mwenye duka, bila mtu kuona kwamba kuna kilichopungua. Ukitaka swali zuri, uliza nani alilipa kodi ya nyumba. Hilo lina majibu, tena ya maandishi.

Walilala kitanda kimoja. Si ushahidi huo? (Morogoro)

Hapana. Kitanda kilikuwa ghali, chumba cha kulala mara nyingi hakikuwa na moto, na mgeni wa kike alilazwa na binti wa nyumba kama kawaida.

Nimeona mtandaoni kipande cha barua ya mshairi wa Marekani Emily Dickinson kwa Susan, kina maneno mazito kabisa. Kwa nini wanahistoria wanasitasita? (Nairobi)

Kwa sababu umeona kipande. Mistari minne juu ya picha ya maua si barua, na mimi sitaacha kulisema hili mpaka watu waache kunitumia picha za maua.

Kwanza jua barua imepita mikononi mwa nani. Susan Gilbert aliolewa na Austin, kaka yake Emily, mwaka 1856. Aliyehariri barua za Emily kwa mara ya kwanza, miaka ya 1890, ni Mabel Loomis Todd, hawara wa Austin huyohuyo. Haishangazi basi kwamba Susan hamo, na katika barua ambazo Emily alimwandikia kaka yake, mahali Susan alipotajwa pamekwanguliwa au kukatwa. Annie Fields naye, alipochapisha barua za mwenzake, mwandishi Sarah Orne Jewett, mwaka 1911, alishauriwa apunguze majina ya kudekezana waliyokuwa wakiitana, watu wasije wakasoma vibaya. Kwa hiyo kabla ya kunukuu, tazama toleo limetoka mwaka gani na mhariri alikuwa nani kwa wahusika. Toleo la jamaa wa karibu lichukulie kuwa limechujwa.

Pili, tazama gharama. Uingereza kabla ya 1840 mpokeaji ndiye aliyelipa, kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na bahasha ilihesabiwa karatasi nyingine. Ndiyo maana watu walikunja karatasi yenyewe, wakaibandika kwa lakiri, na ukurasa ulipojaa waliugeuza robo mzunguko wakaandika juu ya mistari ya kwanza, ikawa kama wavu. Anayeanza kuzisoma huona wino umejaa pomoni akasema "huyu alizidiwa na mapenzi". Alizidiwa na bei ya posta. Januari 1840 bei ikawa peni moja kwa nusu aunsi popote nchini. Marekani ilipunguza mwaka 1845: senti 5 hadi maili 300, senti 10 kupita hapo, mwaka 1851 ikawa senti 3 kwa anayelipa kabla. Usilinganishe barua ya 1825 na ya 1855 kwa wingi wa karatasi, utajidanganya.

Tatu, barua zilisomwa kwa sauti, familia nzima ikisikiliza. Neno la mapenzi lililosomwa mbele ya baba mkwe halikuwa siri. Kwa hiyo pima neno kwa mwandishi mwenyewe: chukua barua zake kwa dada, kwa binamu, kwa mwalimu wake. Kama wote anawaita kipenzi cha roho, neno hilo kwake ni rahisi. Kama anamwita mmoja tu, na kwa wengine ni mkavu kama kuni, hapo simama usome tena. Dickinson ukimpima hivyo, Susan anatokeza juu sana, na hilo nalisema bila kusitasita. Mwisho, kumbuka majibu. Mara nyingi tuna upande mmoja, na upande mmoja wa mazungumzo humfanya kila mtu aonekane anaomba.

Fumbo la Anne Lister lilivunjwaje? Na ni kweli kila lililofichwa ni mambo ya chumbani? (Mombasa)

Shajara zake zina takriban maneno milioni 5, na kama sehemu moja ya sita imeandikwa kwa fumbo: herufi za Kigiriki zilizochanganywa na alama za hesabu, za nyota na alama nyingine, maneno yameunganishwa bila nafasi. Miaka ya 1890 John Lister, mrithi wa nyumba, na rafiki yake Arthur Burrell walikisia herufi mbili, h na e. Kisha wakapata karatasi yenye maneno ya Kiingereza yanayosema "katika Mungu ndilo langu", na neno lililofuata lilikuwa kwa fumbo, lenye herufi nne. Wakalisoma: hope, tumaini. Hapo walipata o na p, na kufikia asubuhi fumbo lote lilikuwa wazi. Burrell alipoona yaliyomo alishauri yachomwe moto. John Lister hakuchoma, aliyarudisha nyuma ya mbao za ukuta. Umma ulikuja kusoma sehemu hizo vizuri mwaka 1988, Helena Whitbread alipozichapisha.

Swali lako la pili ndilo zuri zaidi. Hapana. Fumbo linaficha mapenzi yake na wanawake, ndiyo, lakini pia linaficha magonjwa, ugomvi wa nyumbani, madeni, na nguo zake kuukuu alizozishona upya ili asionekane fukara mbele ya majirani wenye mali. Aliona haya ya umaskini kama alivyoona haya ya mengine. Wanaonukuu sehemu za kitandani peke yake wanamfanya mtu mwepesi kuliko alivyokuwa.

Ni kweli Anne Lister na Ann Walker walifunga ndoa kanisani? (Dodoma)

Walivishana pete Februari 1834, na Pasaka ya mwaka huo wakapokea ushirika pamoja katika kanisa la Holy Trinity, Goodramgate, York. Kasisi hakuwafungisha chochote. Kwake walikuwa waumini wawili wa kike waliokuja mezani. Kwao wenyewe ilikuwa ndoa. Kwa sheria haikuwa kitu.

Kazi ya sheria waliifanyia kwenye wosia, na hapa ndipo ninapotaka mtazame. Lister alikuwa na Shibden na makaa ya mawe chini ya ardhi yake, lakini fedha taslimu zilimpungukia. Walker, jirani yake, alikuwa tajiri kumzidi. Fedha za Walker zikaingia katika mgodi. Katika wosia wake Lister alimwachia Walker haki ya kukaa Shibden na kula mapato yake maisha yake yote, kwa sharti moja: asiolewe. Wengi husoma sharti hilo kama wivu. Sioni hivyo. Chini ya sheria ya Uingereza ya wakati ule, mwanamke akiolewa mali yake iliyohamishika ilikuwa ya mume, na ardhi aliisimamia mume. Sharti lilimfungia mlango mwanaume asiyejulikana. Sheria ililegea kidogo mwaka 1870, na ni ile ya 1882 iliyompa mke mali yake kweli. Kabla ya hapo mwanamke asiyeolewa mwenye ardhi alikuwa na haki nyingi kuliko mke wa bwana mkubwa.

Na wosia mzuri haukutosha. Lister alikufa Septemba 1840 huko Kutaisi, Georgia, safarini. Walker alirudi na mwili wake mpaka Halifax. Miaka mitatu baadaye jamaa walimtoa Shibden kwa hoja kwamba akili haiko sawa, akapelekwa nyumba ya wagonjwa wa akili karibu na York. Mwenye mume alikuwa na mume wa kubishana na jamaa. Walker alikuwa na karatasi.

Naandika tamthilia kuhusu Charity Bryant na Sylvia Drake wa Vermont. Nimewaweka kwenye cherehani zao wakizungumza. Nini kingine niongeze? (Dar es Salaam)

Ondoa cherehani. Walianza kazi pamoja Weybridge mwaka 1807. Cherehani ya Howe ilipata hataza mwaka 1846 na ya Singer 1851, mwaka aliokufa Charity. Kiswahili kinatutega hapa kwa kumwita kila mshonaji fundi cherehani. Hawa walikuwa mafundi wa sindano na mkasi, na Charity ndiye aliyekata, maana kukata ndiko kwenye hela. Sylvia aliingia kama msaidizi wake, na wakapanga chumba mwaka huohuo. Mpe Charity mkasi, Sylvia sindano, na wasichana wa kijijini wakijifunza pembeni.

Ongeza pia barua zinazoungua. Charity aliwaomba rafiki zake wazichome zake. Wanakijiji waliwajua kama watu wa nyumba moja, kanisani waliheshimika, na mpwa wake Charity, mshairi William Cullen Bryant, aliwaeleza kwa maandishi kama mtu na mwenza wake katika ndoa. Hawakuachwa kwa bahati: mji ulikuwa unavalishwa nao.

Unaandika juu ya mabibi wenye majumba. Maskini je? Weusi je? (Kisumu)

Hatimaye. Soma kuhusu Addie Brown na Rebecca Primus, wanawake weusi huru wa Hartford, Connecticut. Rebecca alikuwa mwalimu, wazazi wake wana nyumba yao. Addie alikuwa mtumishi wa nyumbani, hana kwao pa kuegemea. Barua za Addie zaidi ya mia moja zimesalia, za 1859 hadi 1868. Za Rebecca kwake hazipo. Fikiria sababu: Rebecca alikuwa na kabati la kudumu, Addie alikuwa na kisanduku alichokibeba kutoka kwa mwajiri mmoja hadi mwingine. Anayehamahama hupoteza karatasi, na historia humsahau aliyemwandikia.

Addie alisoma kidogo, tahajia yake inayumba, na ndiyo raha ya kumsoma, kwa sababu hajui kuandika kwa mapambo. Mapema kabisa alimwambia Rebecca kwamba lau yeye Rebecca angekuwa mwanaume, mambo yangefika mahali haraka. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipokwisha mwaka 1865 Rebecca alikwenda Royal Oak, Maryland, kufundisha waliotoka utumwani. Addie akapata kazi katika shule ya wasichana ya Farmington. Mwaka 1867 akaandika kwamba msichana mmoja alitaka kulala naye. Rebecca, inavyoonekana, aliona wivu, kwa sababu barua ya Addie inayofuata inajitetea: kama ni kifua changu alichokifuata huyo, ameambulia patupu, nilimpa mgongo usiku kucha na gauni nimelifunga vifungo. Msomaji wa Morogoro, ushahidi unafanana na huu: mwandishi mwenyewe anatofautisha kulala na kulala.

Sasa rudi kwenye kodi. Mshahara wa mtumishi ulikuwa chakula, malazi kwa mwajiri na fedha kidogo. Hauwezi kupanga chumba cha watu wawili. Addie aliolewa na Joseph Tines mwaka 1868, akafa 1870. Kwenye bahasha mojawapo Rebecca aliandika siku aliyokufa. Barua alizihifadhi mpaka kifo chake mwenyewe, 1932.

Nimesoma wapendanao walitoleana nywele. Si ushirikina huo? (Tanga)

Najua kwetu nywele zako hazitupwi hovyo, sembuse kumpa mtu. Kwao zilikuwa zawadi ya heshima, za walio hai na za waliokufa. Picha za kivuli za Charity na Sylvia, zilizopo jumba la makumbusho la Middlebury, zimezungukwa na nywele zilizosukwa.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Nywele ndefu zilichemshwa kama robo saa katika maji yenye magadi ili mafuta yatoke. Mafuta yakibaki, msuko huteleza na gundi haishiki. Zikapangwa kwa urefu, zikagawanywa mafungu ya nywele 20 hadi 30, kila fungu likafungiwa kizito cha risasi mwishoni. Meza ni ya duara yenye tundu katikati. Mafungu yananing'inia pembeni na msuko unashuka tunduni ukizunguka kijiti au waya. Ukiisha, unachemshwa tena ukiwa kwenye kijiti na kukaushwa kwa joto, la sivyo unafumuka. Mwenye haraka alipeleka kwa sonara, na onyo la magazeti ya wanawake ya wakati ule lilikuwa kwamba baadhi ya masonara hurudisha nywele za mtu mwingine. Kwa hiyo wengi walijifunza kusuka wenyewe.

Smashi ilikuwa nini? (Eldoret)

Desturi ya vyuo vya wasichana Marekani, hasa Vassar, kilichofunguliwa 1865. Barua iliyochapishwa katika gazeti la wanafunzi wa Yale mwaka 1873 inaeleza hatua: msichana akimpenda mwenzake huanza kutuma mashada ya maua, kisha vikaratasi vya rangi, kisha vifurushi vya peremende, pengine kishungi cha nywele, mpaka mwenzake akubali na wote wawe hawatenganiki. Walimu walilalamika juu ya usingizi na masomo. Mama uliyeongeza swali kuhusu binti yako wa bweni, safu hii ni ya historia.

Malkia Victoria alikataa sheria iwahusu wanawake kwa sababu hakuamini jambo hilo lipo? (Wasomaji wanne)

Uzushi. Kifungu cha 1885, kilichoadhibu mapenzi ya jinsia moja Uingereza, kiliandikwa bungeni kikiwataja wanaume toka mwanzo. Hakuna aliyempelekea malkia kitu cha kufuta.

Haya ni mambo ya Wazungu. Kwa nini mnatuletea? (Unguja)

Majaji wa Edinburgh walisema ni mambo ya Mashariki. Mwaka 1810 Jane Pirie na Marianne Woods walikuwa na shule ya bweni ya wasichana iliyoanza mwaka mmoja nyuma. Mwanafunzi Jane Cumming, aliyezaliwa India kwa mama Mhindi na baba Mskoti, alimwambia bibi yake, Lady Cumming Gordon, kwamba walimu hao wanafanya mambo usiku. Bibi akawaandikia wazazi, na katika muda wa siku mbili shule ilikuwa tupu. Walimu walishtaki kwa kuchafuliwa jina. 1811 walishindwa kwa kura 4 kwa 3. Shauri likarudiwa, 1812 wakashinda kwa 4 kwa 3, na House of Lords, baraza la juu la bunge la Uingereza, ikathibitisha mwaka 1819. Kati ya hoja zilizowasaidia ni kwamba mwanamke wa Uingereza hawezi hata kuliwaza jambo hilo, basi lazima binti alilipata kwa yaya wa Kihindi. Kila taifa lina jirani wa kumtwisha. Walimu walishinda kesi, shule haikurudi.

Tukitafsiri barua hizi, "friend" wa mwanamke tumwite shoga? (Lamu)

Wewe wa Lamu unauliza kwa sababu unajua. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja cha 1870, alieleza shoga kuwa ni rafiki, neno la wanawake wenyewe kwa wenyewe, akaongeza kwamba Lamu lina maana nyingine, ile inayotumika leo barabarani kwa wanaume. Bibi wa Unguja bado anaita "shoga yangu" bila kupepesa. Ningelitumia katika mazungumzo ya barua, mdomoni mwa Addie linakaa vizuri kabisa. Katika maelezo ya mwanahistoria nisingelitumia, msomaji wa bara atakwenda njia nyingine. "Msagaji" acha kabisa, isipokuwa mwandishi amesema mwenyewe alichofanya. Na "mwenzangu" inabeba zaidi ya mnavyodhani.

Shajara za Lister naweza kuzisoma bila kwenda Uingereza? (Bukoba)

Ndiyo, hifadhi ya nyaraka ya West Yorkshire imeweka picha za kurasa mtandaoni. Usianze na sehemu za fumbo. Anza na maandishi ya kawaida, kwa sababu anafupisha maneno ovyo na mwandiko ni mdogo mno. Ukizoea vifupisho vyake kwa kurasa kumi hivi, fumbo litakuwa kazi nyepesi zaidi. Tafuta kwanza siku za hesabu za kodi za wapangaji wake: majina na tarakimu zinajirudia, unajifunza mkono wake humo.